Kuvuka Karoo kwa baiskeli: mwongozo kamili wa kukabili joto na upepo kwenye mbio za The Munga

Mbio za The Munga huanzia Bloemfontein saa sita kamili mchana. Waandaaji wangeweza kupiga filimbi alfajiri kama wenzao wengine, lakini hawakutaka. Unatoka kivulini, unapanda baiskeli, na jua la kiangazi cha Afrika Kusini liko utosini. Mbele yako kuna zaidi ya kilomita 1,000 za vumbi na changarawe kukatiza nyanda kavu za Karoo hadi Wellington, karibu na Cape Town, na umepewa saa 120. Mchana joto linaweza kupita nyuzi 40. Alasiri, mara nyingi, upepo unakuja usoni.

Nimemwandikia mwendesha baiskeli wa kwetu, awe wa Nairobi, Arusha, Dodoma au Mombasa, anayefikiria kwenda huko, au anayejiandaa kwa safari nyingine ndefu ya nchi kavu. Habari za baiskeli ya bei gani na nani ana mapaja ya chuma sitazigusa. Joto na upepo vina ratiba yao, na anayeijua humpita mwenye misuli asiyeijua.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya saa kabla ya kununua chochote

Chukua kilomita 1,100 ugawanye kwa saa 120. Unapata kilomita 9 na kidogo kwa saa, humo humo mna kula, kulala, kuziba pancha na kuduwaa mbele ya geti la shamba ukijiuliza kama ndiyo njia. Ukilala kwa muda wa saa nne kila usiku kwa usiku tano, zinabaki saa 100, yaani kilomita 11 kwa saa. Hiyo ni kasi ya mzee anayepeleka maziwa sokoni. Ukishaiona hesabu hiyo, hutakuwa na sababu ya kupigana na jua la saa nane.

Sasa tazama ratiba ya adui. Asubuhi jua linapasha ardhi, hewa ya chini inapata moto na kupanda, na ile ya juu iliyokuwa ikienda kasi inashuka kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana upepo wa bara huamka kama saa nne asubuhi, hukolea alasiri, kisha hulegea jua likizama. Joto nalo hufuata njia hiyo hiyo, kilele chake kikiwa kati ya saa nane na saa kumi. Wawili hawa ni pacha, wanaamka pamoja na kulala pamoja.

Kwa hiyo gawa siku yako hivi: kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa nne asubuhi ni saa za kazi. Saa nne hadi saa sita, unaenda lakini unapunguza. Saa sita hadi saa kumi alasiri ni saa za kuponea: kupumzika, kujaza maji, kula, au kusonga taratibu kama huna kivuli. Jioni hadi usiku wa manane ni kazi tena. Usingizi wa saa mbili unaweza kuingia usiku wa manane, na mwingine mchana. Ratiba hii huvunjwa na wingu la radi pekee. Ukiliona limejenga mnara mweusi alasiri, jua kwamba upepo wake utakufika kabla ya mvua, na unaweza kutoka upande wowote.

Hatua ya 2: Uelewe mtungi

Bibi zetu waliweka mtungi wa udongo kwenye kona yenye hewa. Maji yalipenya kidogo kidogo kwenye udongo, yakakauka kwa nje, na yaliyobaki ndani yakapoa. Mwili wako ni mtungi huo. Lita moja ya jasho likikaukia kwenye ngozi huondoa joto la kama kilojuli 2,400. Jasho linalodondoka chini halipozi kitu, ni maji yaliyopotea bure.

Misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto. Ukisukuma pedali kwa wati 150, mwili unazalisha kama wati 450 za joto, na ili kuliondoa lote kwa jasho unahitaji kukausha karibu theluthi mbili za lita kila saa. Hapo hatujahesabu jua lenyewe. Na hewa ikishapita nyuzi 35 hivi, inakuwa na joto kuliko ngozi, kwa hiyo upepo unaokupiga haukupozi tena kwa kukugusa, unakuongezea moto. Umebaki na jasho tu.

Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam ajihadhari hapa. Amezoea joto, kweli, lakini joto lake ni la unyevu: jasho linamtiririka na analiona. Karoo ni kavu. Jasho linakauka kabla hujaliona, fulana iko kavu, unadhani hutoki jasho, kumbe umepoteza lita tatu. Alama yako ni mistari myeupe ya chumvi kwenye nguo.

Hatua ya 3: Pima jasho lako

Usichukue namba ya mtu mwingine. Watu hutofautiana kutoka nusu lita hadi lita mbili kwa saa.

Jipime uzito bila nguo. Endesha saa moja kwenye joto, kwa mwendo wa mbio utakazokwenda, wala usijioneshe. Andika ulichokunywa. Rudi, jifute jasho, jipime tena bila nguo. Kila kilo iliyopungua ni lita moja. Ongeza ulichokunywa, na kama ulikojoa katikati, toa kiasi hicho. Fanya mara tatu katika hali tofauti: asubuhi ya baridi, mchana, mchana wenye upepo.

Namba hiyo ni dari. Usinywe kuizidi. Nilijifunza hili kwenye barabara ya Magadi, siku niliyoamua kwamba dawa ya joto ni maji na maji tena. Nilikunywa matupu, bila chumvi, kila niliposimama. Alasiri pete ilikuwa imekwama kidoleni, vidole vimevimba kama ndizi, kichwa kinauma na kichefuchefu juu. Nikadhani nimekaukiwa, nikaongeza maji. Kumbe nilikuwa nimeizimua damu yangu, sodiamu imeshuka. Hali hiyo huua watu kwenye mbio ndefu, na ubaya wake ni kwamba dalili zake za mwanzo zinafanana na za kiu. Tofauti ndiyo hii: aliyekaukiwa uzito umepungua, mkojo ni kidogo na wa rangi nzito. Aliyejaza maji kupita kiasi amevimba, na uzito wake haukupungua au hata umeongezeka.

Chumvi ya mezani inatosha. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina kama gramu 6, na ndani yake miligramu 2,300 hivi za sodiamu. Robo kijiko kwa lita moja hukupa takriban miligramu 600, kiasi kizuri cha kuanzia. Wenye kuacha mistari minene ya chumvi kwenye fulana wanahitaji zaidi. Beba pakiti mbili za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, za dharura tu.

Hatua ya 4: Zoesha mwili, siku 10 hadi 14

Mwili hujifunza joto haraka kuliko unavyojifunza mlima. Siku chache za mwanzo maji ya damu huongezeka, moyo unaanza kupiga polepole zaidi kwa kazi ile ile. Wiki ya pili jasho linaanza mapema na linakuwa jingi, na chumvi ndani yake hupungua. Unachohitaji ni dakika 60 hadi 90 kila siku za kupata joto na kutoka jasho, kwa mwendo wa taratibu. Usifanye mazoezi makali kwenye joto kwa siku hizo, unavuruga vyote viwili.

Wapi? Aliye Nairobi ateremke kuelekea Magadi, kutoka zaidi ya mita 1,600 hadi chini ya mita 700, ambako mchana hewa ni ya tanuri. Aliye Tanzania ana Dodoma na Singida, na huko upepo anaupata bila malipo. Tatizo ni kalenda: mbio huwa karibu na mwisho wa Novemba, na wakati huo mvua za vuli zinakuwa zimeanza na Nairobi imepoa. Basi tumia beseni. Maliza mazoezi ya kawaida, kisha ingia kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 hadi shingoni, dakika 20 mwanzoni, ukifika 40 inatosha. Uwe na mtu karibu, na inuka polepole maana kizunguzungu hukujia ghafla. Siku sita mfululizo za namna hiyo zinaleta tofauti unayoihisi.

Faida hii huanza kuyeyuka ukirudi kwenye baridi, kwa hiyo malizia siku chache tu kabla ya kusafiri.

Upepo nao unazoeshwa. Wa pwani mnabahati: upepo wa kusi unapovuma Juni hadi Agosti, toka Malindi uelekee kusini uone. Mabaharia wana majina yao, upepo wa omo ukija mbele na wa tezi ukija nyuma, na hakuna baharia anayeukasirikia wa omo. Anapunguza tanga. Kuna jambo la kichwani hapa ambalo mazoezi ya nguvu hayakupi: kukaa saa tano ukinyonga kwa kilomita 11 kwa saa na kelele masikioni bila kukata tamaa wala kuharakisha.

Hatua ya 5: Nguo na baiskeli

Shati jeupe la mikono mirefu, jepesi, lenye kupitisha hewa. Ngozi iliyo wazi inapigwa na jua moja kwa moja, nguo inalizuia na kushika unyevu. Watu wa jangwani hawavai kaptura, na hawakuanza jana. Chukua kikoi chepesi ukate kipande cha kufunika kisogo chini ya helmeti. Kiloweshe kila upatapo maji. Usikidharau. Miwani miwili, ya jua na isiyo na rangi kwa usiku, kwa sababu vumbi halilali. Mafuta ya midomo. Vaselini nyingi makalioni, na kaptura ya pili safi: jasho, chumvi na vumbi huchubua, na wengi hujitoa kwenye mbio hizi kwa sababu ya vidonda vya kukalia, si kwa miguu kuchoka.

Maji: uwezo wa kubeba lita nne hadi tano, ingawa si lazima zijae kila wakati. Karoo ina mashamba yenye vinu vya upepo vya kuvuta maji ya kisima (upepo ule ule unaokunyanyasa ndio unaokupa maji), lakini waandaaji wamekupa vituo na hivyo vitegemee kwanza. Chupa ivalishe soksi na uilowanishe. Ni ule mtungi wa bibi tena, na maji yatabaki yananyweka.

Baiskeli yenyewe, nitasema haraka. Mizigo ikae nyembamba: mkoba mnene uliolala mbele ya usukani ni tanga. Weka vishikio vya kuegemezea viwiko. Matairi yasiyo na tyubu, na maji ya gundi mapya kwa sababu joto huyakausha mapema. Beba kichupa cha akiba. Njiani utakutana na mmea ambao watu wa Karoo huuita duwweltjie. Ukiutazama vizuri utaucheka, ni mbigiri ile ile ya nyumbani. Ukichomwa, usiung'oe mwiba hovyo, zungusha tairi gundi ifike kwanza.

Hatua ya 6: Saa sita za kwanza

Hapa ndipo mbio zinapoharibika. Umepumzika wiki nzima, watu wanapiga makofi, kundi linaondoka kwa kasi, na ni saa sita mchana. Mwache aende anayetaka kwenda.

Weka kikomo cha mapigo ya moyo na usikivuke hadi jua lizame. Kama huna kifaa, tumia mdomo: unapaswa kuweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Kwenye joto mapigo hupanda yenyewe hata kama nguvu haijabadilika, kwa hiyo kadiri alasiri inavyokwenda utalazimika kusukuma kidogo zaidi na zaidi ili kubaki chini ya kikomo. Inauma kuona kilomita zikishuka. Usitazame kilomita. Wengi waliokupita saa saba mchana utawakuta saa tatu usiku wameinamia ukingo wa barabara, wanatapika.

Hatua ya 7: Namna ya kwenda na upepo

Nguvu ya hewa inayokuzuia hupanda kwa mraba wa kasi ya hewa inayokupiga. Ukienda kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 30, hewa inakupiga kwa kilomita 45, na kizuizi ni mara tisa ya siku tulivu. Nilikokotoa kwa mtu na mizigo ya kilo 90 kwenye changarawe: kwenda kilomita 12 kwa saa dhidi ya upepo huo kunataka kama wati 130, kilomita 15 kunataka kama 180. Kilomita tatu tu, na joto unalozalisha mwilini limeongezeka kwa zaidi ya theluthi. Ndiyo maana kwenye upepo wa mbele unashusha gia, unainama, unakunja viwiko, unafunga zipu inayopeperuka, na unakubali.

Wachache hufundisha jambo linalofuata: upepo wa mbele unakuchosha, lakini wa nyuma ndio unaokupika. Ukienda kilomita 20 kwa saa na upepo wa nyuma wa kilomita 20, hewa inayokuzunguka imesimama kabisa. Jasho halikauki, mtungi umefunikwa. Ikiwa ni mlima pia, joto la mwili linaruka ndani ya dakika chache huku wewe ukifurahia kasi. Kwa hiyo kwenye mteremko mrefu wa upepo wa tezi, pumzika na ujimwagie maji. Kwenye kupanda na upepo wa tezi mchana, shuka utembee kama ni lazima. Maji ya kujimwagia hapo yana thamani kuliko ya kunywa.

Upepo wa ubavuni: legeza mikono. Kushikilia kwa nguvu ndiko kunakotia ganzi vidole vidogo, na ganzi hiyo inaweza kukaa wiki kadhaa. Kujificha nyuma ya mwenzako kunapunguza kazi sana, lakini soma kanuni za mbio unazoingia. Mbio za Tour Divide za Amerika Kaskazini, kwa mfano, zinakataza kabisa.

Hatua ya 8: Kuponea mchana

Karoo haina miembe. Kivuli chako kitakuwa nyumba ya shamba, au kalavati chini ya barabara. Kalavati ni hoteli ya mbio hizi: kuna kivuli, na mara nyingi hewa inapita. Piga kelele na urushe jiwe kabla ya kuingia, kwa sababu nyoka naye anajua saa. Kama mawingu ya radi yapo popote upeoni, usilale humo.

Usilale kwenye ardhi iliyopigwa jua, tandika chochote. Vua viatu, loweka kikoi, weka kengele ya saa moja na nusu.

Tumbo litagoma. Damu imekimbilia kwenye ngozi kupoza mwili, na utumbo umeachwa. Kula kigumu asubuhi na usiku: viazi vya kuchemsha na chumvi, chapati, mayai. Mchana kula kidogo kidogo vitu laini, gramu 40 hadi 60 za wanga kwa saa ukiwa unaendesha, chini ya hapo ukishindwa. Tende zilizoloweshwa zinapita hata wakati kila kitu kingine kinarudi. Barafu ukiipata kituoni, tafuna kidogo na nyingine itie kwenye kikoi shingoni.

Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen ziache nyumbani. Mwili uliokaukiwa ukichanganywa nazo, figo ndizo zinazolipa.

Hatua ya 9: Dalili za kusimama

Kizunguzungu, baridi ya kusisimka kwenye jua, kutapika kusikoisha: tafuta kivuli, jiloweshe, jipepee, usiendelee hadi uweze kula na kukojoa. Mkojo wa rangi ya kahawia kama soda ya kola maana yake misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Mbio zimekwisha, nenda hospitali.

Mwenzako akianza kuongea ovyo, kuyumba, au kubishana kuhusu jambo lisilokuwepo, hicho ni kiharusi cha joto mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usimuulize kama yuko sawa, atakuambia yuko sawa. Mpoze kwanza hapo hapo: birika la mifugo la shamba ni bora kuliko kitu chochote, mzamishe hadi kifuani na umshikilie kichwa. Kama hakuna, mmwagie maji yote mliyonayo na umpepee kwa nguvu. Piga simu ya waandaaji wakati unampoza. Mtu anayeongea ovyo usimnyweshe, atapaliwa.

Hatua ya 10: Sutherland na Tankwa

Sutherland, mji ulio kwenye njia ya mbio, uko juu, usiku wake ni mkavu na safi kiasi kwamba wataalamu wa nyota wamejenga darubini kubwa hapo, na ni miongoni mwa miji yenye baridi zaidi Afrika Kusini. Mtu aliyepikwa siku tatu hafikirii koti. Libebe. Mwili uliochoka hupoteza joto haraka, na upepo mdogo wa saa kumi alfajiri unatosha kukutetemesha hadi ushindwe kushika breki.

Utazihitaji breki hizo, kwa sababu baada ya Sutherland njia inaporomoka kwa Ouberg, mteremko wa changarawe, hadi chini Tankwa, sehemu kavu na yenye moto kuliko nyingi za Karoo. Panga siku zako zote ukilenga saa ya kufika ukingo huo. Ukifika juu ya Ouberg saa nne asubuhi, unashuka kuingia tanurini mlango ukiwa wazi. Afadhali ulale Sutherland hadi jioni, ule mara mbili, ujaze lita zote tano, kisha uteremke taa ikiwaka na uvuke bonde usiku. Kutakuwa na watu wanaoondoka mchana huo huo wakikutazama ukivua viatu. Waage vizuri.